Mshono wa Gunia la Saba

U Lun Bwe hakupata kutia kisu kwenye mdomo wa gunia maisha yake yote, na alitaka kila mtu alijue hilo. Ukimpa kisu alikurudishia, tena na maneno juu yake. Kisu, alisema, ni cha mwizi na cha mtu asiye na nafasi. Gunia lililoshonwa kwa uzi hufunguliwa kwa vidole viwili, uzi ukatoka mzima, ukaviringishwa, ukatumika tena kufungia mboga au kutundikia ndizi. Tangu ujana wake alikuwa kwenye ghala la mashine ya mpunga, akakaa humo miaka thelathini na minne akifungua magunia ya watu, na alipozeeka akapewa kazi ya kusimamia chakula cha watawa kwenye monasteri ya Kyun Thaya, kijiji kilichozungukwa na maji pande tatu. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Alilipwa sifa, na sifa alizipenda kupita kiasi.

Ufundi wenyewe si mkubwa, ila una siri yake. Wanawake wa mashine hushona midomo ya magunia kwa shazia na uzi wa juti, kitanzi ndani ya kitanzi, kutoka sikio moja la gunia mpaka la pili. Ukiushika uzi upande alioanzia mshonaji, vitanzi vinakaza, na utahangaika hapo mpaka jioni. Ukiushika upande aliomalizia, ukalegeza lile fundo dogo la mwisho, basi ni mvuto mmoja tu, trrrr, na mdomo wote uko wazi. U Lun Bwe hakukosea upande hata siku moja. Na zaidi ya hapo, aliweza kukwambia gunia limeshonwa na nani. Huyu hukaza mno, huyu huruka nafasi akiwa na njaa, yule hupiga fundo mara mbili kwa sababu mumewe ni mlevi na hamwamini mtu tena. Watu walicheka, na kila walipocheka yeye alizidi kutia chumvi.

Kila mwaka mvua zinapoanza, siku moja kabla ya mwezi mpevu wa Waso katika kalenda yao, kijiji hupeleka mchele monasteri. Kwa miezi mitatu ya mvua watawa hawalali kwingine, na anayewalisha miezi hiyo huvuna thawabu kubwa, zake mwenyewe na za wafu wake. Mwaka huo Daw Tin Hmwe, mke wa mwenye mashine, alitoa magunia kumi ya mchele mweupe wa kunukia, jina lake limeandikwa kwa rangi ya buluu ubavuni mwa kila gunia. Alikuja mwenyewe kwa boti pamoja na magunia yake, mwavuli mkononi, akaketi barazani ashuhudie yakifunguliwa na kumiminwa kwenye kihenge.

Watu walijazana. Si kwamba hawajapata kuona mchele. Walikuja kumtazama U Lun Bwe.

"Haya, mjomba, hilo la kwanza la nani?" alichokoza Ko Pauk, kijana mwenye boti, aliyekuwa ameyabeba magunia yote kutoka gatini na kulowa chapachapa.

U Lun Bwe alipitisha kidole gumba juu ya mshono, macho ameyafumba kwa makusudi. "Hili la Ma Thaung. Hebu oneni nafasi hizi! Huyu alikuwa anashona huku anaongea. Mshono umejaa umbea mtupu."

"Wee mzee, koma!" Ma Thaung alipiga kelele kutoka jikoni, na jiko zima likaangua kicheko.

"La pili hili sina haja hata ya kuligusa. Kijiji kizima kina mashoto mmoja tu. Wenzake wote wanamalizia sikio la kushoto, yeye anamalizia la kulia. Dada Ohn Yin, nimekosea?"

"Hukukosea," ilijibu sauti ndogo kutoka jikoni.

Daw Ohn Yin alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwembamba, asiye na maneno mengi. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, Maung Htwe, aliyegongwa na nyoka akiwa kwenye mavuno. Siku hiyo alikuwa amekaa karibu na moto pamoja na wanawake wengine, akikata shina la mgomba kwa ajili ya supu ya samaki. Wenzake walipocheka alitabasamu kidogo, kisha akarudi kwenye kisu chake.

La tatu, la nne, la tano, la sita. Kila mara fundo, mvuto, trrrr, uzi mzima mkononi, na mchele kumwagika kihengeni. Kila mara jina, na jina lilikuwa lenyewe. Ko Pauk alishaliwa tambuu tatu kwa kuwekeana dau na watu wa pembeni. Hata Daw Tin Hmwe, ambaye kucheka mbele ya watu alikuona ni kujishusha, alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Kwenye gunia la saba U Lun Bwe aliinama zaidi.

Alipitisha kidole, akarudi nyuma, akapitisha tena. Safari hii macho aliyafumbua. Uzi ulimalizikia sikio la kulia, kwa hiyo mkono ulikuwa wa Daw Ohn Yin, hilo halikuwa na mjadala. Lakini kando ya uzi, katika juti, kulikuwa na matundu mengine ya shazia, matupu, yameinama upande wa pili. Mtu mwingine alikuwa amelishona gunia hili kwanza, mtu wa mkono wa kulia. Kisha likafunguliwa. Kisha likashonwa upya.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kulifungua na kutazama kwanza kilichomo, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Lakini watu arobaini walikuwa wamemkodolea macho wakisubiri neno, na neno alikuwa nalo, zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nalo.

"Hili," alisema, akishusha sauti ili waje karibu, "lilishonwa na mwingine. Likafunguliwa njiani. Aliyelifunga tena ni mashoto."

Kicheko kilikatika. Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Limefunguliwa?" Daw Tin Hmwe aliinuka kwenye mkeka. "Gunia langu? La watawa?"

"Matundu haya hapa, mama. Ona mwenyewe."

"Sina haja ya kuona matundu. Ohn Yin! Hebu njoo hapa."

Daw Ohn Yin alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kikoi chake. Alitazama gunia, akamtazama U Lun Bwe, na uso ukamshuka.

"Umelifungua wewe?" aliuliza Daw Tin Hmwe.

"Ndiyo, mama. Nimelifungua, nikalifunga."

"Ya nini?"

Daw Ohn Yin alitazama jina la buluu ubavuni mwa gunia.

"Nakuuliza, ya nini? Njaa? Si ungekuja kwangu kuomba? Mimi nimewahi kumnyima mtu mchele? Ukaona bora uchote sahani ya watawa!"

"Sikutoa hata punje, mama."

"Eti hakutoa hata punje! Mtu anafungua gunia la mwenzake ili alipungie upepo?"

Mmoja alicheka, na wengine wakamfuata. Ko Pauk peke yake hakucheka. Alijipangusa maji usoni akasema, "Sasa, mjomba, si tulipime tu? Mizani ile pale imetundikwa. Kama pungufu tutajua, kama si pungufu yaishe."

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Mizani ilikuwa hatua nane kutoka pale, na U Lun Bwe alikuja kuzihesabu hatua hizo mara nyingi baadaye, peke yake, kwenda na kurudi. Lakini siku ile alihisi kama kijana yule amemvua kikoi hadharani.

"Upime nini?" alisema. "Mimi miaka thelathini na minne nimefungua magunia. Wewe ulikuwa hujajua hata kufunga kamba ya boti. Macho yangu ndiyo mizani."

"Mjomba, mimi nasema tu..."

"Nenda kaseme na boti yako."

Watu wakacheka tena, na mambo yakaishia hapo. Daw Tin Hmwe akamwambia Daw Ohn Yin asikanyage tena kwenye mashine. Daw Ohn Yin akainama mbele ya sanamu ya Buddha kama desturi, akachukua mwavuli wake wenye mbavu mbili zilizovunjika, akashuka ngazi. Wanawake wa jikoni walimpisha njia. Ma Thaung, aliyeshona naye miaka kumi na tisa, alitazama chungu.

Kisha kengele ya chakula ikalia. Watawa hawali baada ya saa sita mchana, kwa hiyo kila mtu alikimbilia kuandaa, na Daw Tin Hmwe akaenda kuketi mbele ya mkuu wa monasteri ili thawabu zake zisomwe. U Lun Bwe akabaki na magunia manne.

Alilegeza fundo la sikio la kulia, akavuta. Uzi ukatoka mzima. Akafunua mdomo wa gunia, na hapo akauona.

Juu ya mchele mweupe ulikuwa umelazwa mchele mwekundu, ule mnene mgumu ambao watu wa kule huwapikia bata. Haukuwa umemwagwa ovyo. Ulikuwa umesawazishwa kwa kiganja, na alama za vidole zilikuwa bado zinaonekana.

U Lun Bwe alisimama akiwa ameushika mdomo wa gunia kwa mikono miwili. Alielewa palepale, na hakuna baadaye aliyeweza kumtetea kwamba alichelewa kuelewa, maana hata yeye mwenyewe hakujisamehe kwa kisingizio hicho. Mwanamke asiye na gunia la kutoa alikuwa ametia makopo yake ya mchele ndani ya gunia la tajiri, ili mchele wake uingie kihengeni pamoja na mwingine na kuliwa na watawa. Ndiyo maana alifungua. Ndiyo maana hakusema, kwa sababu angesemaje? Kwamba ametia mchele wa bata ndani ya mchele wa Daw Tin Hmwe?

Sauti ya mkuu wa monasteri ilisikika ikisoma. Ngazi ilikuwa palepale. Daw Ohn Yin hakuwa amefika hata kwenye daraja la mianzi.

Badala yake U Lun Bwe alichukua kopo la maziwa lililotumika kupimia mchele, akauchota ule mwekundu. Ulitimia makopo mawili, haukuzidi wala haukupungua. Akalitundika gunia mizanini, sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu. Lilikuwa na uzito wake kamili.

Alijiambia kwamba anamsitiri yule bibi. Daw Tin Hmwe akiona uchafu huu kwenye mchele wake, alijiambia, si itakuwa vita kubwa zaidi? Alijiambia hivyo huku akitembea haraka kwenda nyuma ya jiko, ambako kuku wa monasteri, wale ambao watu huwanunua sokoni na kuwaachia huru wasichinjwe, walikuwa wamejikunyata chini ya sakafu kukwepa mvua. Akaumwaga wote hapo. Kuku waliudonoa kwa vurugu na ukaisha kabla hajageuka. Uzi wa gunia aliuviringisha akautia mfukoni, na akarudi kulifungua la nane.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Habari ya gunia la saba ilipita mto hadi mto, na jina la U Lun Bwe lilikua mpaka likamkera mwenyewe. Mashine ya kijiji cha pili ilimwita akawakagulie mishono. Kwenye duka la chai walimwekea sahani ya majani ya chai yaliyochachushwa, kitafunio cha huko, bila kuomba, wakamwambia, "Mzee, tusimulie tena ulivyomkamata yule bibi." Akasimulia mara ya kwanza. Mara ya pili alisema koo linamuuma.

Daw Ohn Yin aliuza mboga za majini. Asubuhi alionekana ndani ya maji hadi kifuani akikata, na watoto wakiogelea karibu naye mama zao waliwaita warudi, kana kwamba wizi huambukiza majini. Watawa walipopita na mabakuli yao alfajiri, yeye peke yake kwenye safu ya nyumba zile hakutoka na kijiko cha wali. Watu walisema ana aibu. U Lun Bwe, aliyetembea nyuma ya watawa akibeba vyombo, alimwona mara moja kwenye upenyo wa ukuta, amepiga magoti ndani ya giza la nyumba yake, viganja vimekutana. Hakuwa na aibu yoyote. Alikuwa anaamini kwamba mkono wake ungechafua sadaka za wengine.

Mara ngapi alikusudia kwenda? Kesho, alisema. Kesho mvua ikikatika. Mvua ilikatika na hakwenda. Uzi wa gunia la saba aliendelea nao mfukoni, akiupekecha kwa kidole hadi ukawa laini.

Mwezi mpevu wa Thadingyut ulipofika, mvua zikiisha, watu walitoka kama kila mwaka kwenda kwa wakubwa wao kupiga magoti na kuomba radhi kwa yote waliyowakosea kwa neno, kwa tendo au kwa wazo. Siku hiyo hakuna anayeulizwa amekosa nini. Unapiga magoti, unasema maneno, unabarikiwa, mnakula. Ni siku nzuri kwa mtu mwoga, na U Lun Bwe aliijua faida hiyo. Asubuhi alikwenda monasteri, akaweka nadhiri za siku pamoja na wazee wenzake: kutoua, kutoiba, kutosema uongo na nyingine. Mchana akachukua mkungu mdogo wa ndizi na mishumaa miwili, akavuka daraja la mianzi.

Daw Ohn Yin alikuwa barazani akifunga mboga mafungu mafungu.

"Ko Lun Bwe," alisema, kana kwamba alikuwa akimngoja tangu jana. "Angalia ubao huo, umeoza. Pita pembeni."

Alipiga magoti mbele yake. Daw Ohn Yin alikuwa amemzidi umri kwa miaka mitano, kwa hiyo hata desturi ilimtaka ainame. Akaanza maneno ya kawaida, kwa neno, kwa tendo, kwa wazo, akafika katikati, akayaacha.

"Dada, mimi nilikusingizia."

Daw Ohn Yin aliendelea kufunga fungu lake. "Hukunisingizia. Ulisema limefunguliwa, na kweli nililifungua. Ulisema mashoto, mimi ni mashoto. Wewe mshono uliusoma sawasawa."

"Ningepima."

"Ungepima, ndiyo."

"Ko Pauk alisema tupime."

"Nilimsikia." Aliweka fungu chini. "Uso umekukonda. Umekula?"

"Dada, usiniulize kama nimekula."

"Basi nikuulize jambo moja. Siku zote hizi nimetaka kukuuliza, nikaogopa kukufuata mbele za watu." Alisogea karibu, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ulilazimika kuinama uisikie, ilishuka zaidi. "Ulipolifungua, uliuona mchele mwekundu?"

"Niliuona."

Mwanamke yule alishusha pumzi. Uso wake ulibadilika mpaka U Lun Bwe akaona alivyokuwa siku za ujana, wakati wa mashine ya zamani, yeye alipokuwa akimtania kwamba anashona kinyumenyume.

"Htwe ndiye aliyeupanda," alisema. "Kale kapande ka nyuma, ka ukingoni, ambako hakuna anayepanda kitu. Nilimcheka. Nikamwambia, mchele wa bata huo, utamlisha nani? Akasema, mama, wewe subiri tu. Nyoka alimgongea hapohapo, amekwisha kukata robo. Hiyo robo ndiyo niliyoitwanga. Ikatoka makopo mawili. Wanawake wa mtaani walishachanga gunia lao nikiwa bado msibani, na siku ya kihenge hupokewa magunia tu, si mtu na kopo mkononi; na kuwatilia watawa mchele wa bata bakulini niliona haya. Nikasema, nitautia kwenye la mama Tin Hmwe, hautaonekana, utaingia tu. Watawa wale mchele alioupanda mwanangu kwa mikono yake, na thawabu zimfikie huko aliko. Si hilo tu nilitaka? Kuitwa mwizi nimeshazoea sasa. Ila usiku nalala najiuliza, hivi uliingia kihengeni, au mama Tin Hmwe aliutupa? Sijamwaga bado yale maji ya kumgawia Htwe thawabu. Naogopa kumwagia maji sadaka ambayo haikufika."

U Lun Bwe alitazama mikono yake.

"Dada," alisema taratibu, "umebaki mwingine? Hata kidogo. Hata wa mbegu."

"Ungebaki wapi? Nilitia wote. Na ukingo wenyewe mto umeshaumega." Akamwinamia. "Kwa nini? Haukufika?"

Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa kosa moja, na hapo ndipo alipoona kwamba lile lilikuwa dogo. Aliona kuku chini ya sakafu, na ile vurugu fupi ya midomo. Alimwona mama huyu akiupeleka mpunga wa mwanawe kwenye kinu, kopo la kwanza, kopo la pili. Kusema kweli kungempunguzia yeye mzigo, hilo alilijua. Mzigo wenyewe ungehamia wapi, hilo nalo alilijua. Au labda, kama alivyojiambia baadaye, hata pale aliogopa tu, kama alivyoogopa siku ile.

"Ulifika," alisema. "Niliumimina mwenyewe. Ulipikwa siku ya kwanza ya masika. Mkuu wa monasteri aliula, akauliza, mchele huu mtamu umetoka wapi."

Daw Ohn Yin aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alilia bila sauti, na mara akaanza kucheka, akajipangusa, akanyanyuka. "Aliuliza! Htwe, umesikia? Mchele wa bata!"

Aliingia ndani akatoka na kikombe cha maji na sahani. Akaketi, akamwagia maji tone kwa tone kwenye sahani, kama wafanyavyo wanaogawa thawabu, akasema sadaka hii ya mchele wa masika, niliyoitoa kwa mkono wangu, imfikie mwanangu Maung Htwe. Imfikie baba yake. Iwafikie majirani zangu wote, na Ma Thaung, na mama Tin Hmwe. Maji yalipokaribia kwisha alimgeukia.

"Na wewe, Ko Lun Bwe. Bila wewe isingefika. Chukua fungu lako."

Kisha alipaza sauti, yeye asiyepaza sauti, ili nyumba za jirani zisikie kuna thawabu zinagawiwa: wachukue, wachukue, wachukue.

Anayesikia hivyo hujibu *thadu*, yaani vyema, mara tatu, na kwa kujibu hupata sehemu yake. Ng'ambo ya uzio wa mianzi sauti ya mwanamke ilichelewa kidogo, kisha ikajibu: thadu, thadu, thadu. Ilikuwa ya Ma Thaung. Daw Ohn Yin alimtazama U Lun Bwe, kikombe kitupu mkononi, akingoja.

U Lun Bwe alisema la kwanza na halikutoka sauti. Akasema tena, akahesabu hadi tatu, kwa kuwa kunyamaza kungemweleza yule mama kila kitu. Daw Ohn Yin alibeba sahani akayamwaga yale maji kwenye shina la mgomba uani, akaukata mkungu wa ndizi nusu kwa nusu, akamlazimisha arudi na nusu yake.

"Kesho alfajiri nitatoka na wali," alimwambia akiwa ngazini. "Kidogo tu. Waambie watawa wasinipite."

"Hawatakupita, dada."

Alivuka daraja. Mfukoni uzi ulikuwa bado pale. Alikuwa ameuchukua ampe, na hakumpa. Alipopita nyuma ya jiko la monasteri kuku walitoka chini ya sakafu wakamkimbilia, wakamzunguka miguuni wakidhani ameshika mchele, na U Lun Bwe akachuchumaa katikati yao na ndizi zake, akalia mpaka mpishi akatoka kuuliza kuna nini.